Nani Atamwambia Anastazia Tumehama

Mwinjilisti Ezekieli alitangaza mwisho wa dunia siku ya Jumapili, na Jumatatu mchana Dorika alikuwa ameshachinja kuku wake wote. Tuelewane mapema: Dorika hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja yake, na aliitoa huku akinyonyoa. Kama Bwana anakuja kabla mtama haujatoa masuke, basi yeye hana mpango wa kuwaachia watu wa motoni kuku wake wanono. Wewe ungembishia?

Ni habari za kijiji kipya, kule bondeni chini ya Kilimatinde, ukielekea Kintinku, mwaka ule wa Operesheni. Kiangazi kizima malori yalizunguka kuwatoa watu kwenye matembe yao yaliyotawanyika porini na kuwashusha mahali pamoja, nyumba zimenyooshwa mstari, milango yote inafanana. Watu walikuwa bado wanapotea. Mtu anatoka kisimani na ndoo kichwani, anaingia ndani, anatua ndoo, ndipo anagundua kwamba mwanamume anayekula pale si mumewe. Sasa watu waliovurugwa namna hiyo, mvua nayo imechelewa, redio ya Mwenyekiti kila jioni inataja vita vya nchi wasizozijua, ukiwaambia dunia inakwisha watakuuliza tu ni saa ngapi.

Mwinjilisti mwenyewe hakuwa tapeli, nisije nikasikia mtu anasema hivyo. Alikuwa mwembamba mwenye sauti kubwa, aliyefundishwa kazi yake misheni kule juu Kilimatinde, na aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Alikwenda Manyoni kwenye mkutano wa injili akarudi anawaka. Huko alisikia wahubiri wakilinganisha Ufunuo na mambo ya siku hizi, vita, njaa, watu kuhamishwa, na yeye akaongezea hesabu zake ndani ya treni. Aliposhuka Kintinku alikuwa na jibu mkononi. Bwana atarudi Jumapili ya mwezi mpya, na mtama wa mwaka huu hakuna atakayeuvuna. Kwa hiyo kulima ni kujichosha bure. Kwa hiyo mbegu zote ziletwe kwake, zipikwe, watu wale pamoja, wampokee Bwana wameshiba.

Na furaha ilikuwapo, nisiwadanganye. Watu waliogombania nafasi kwenye lori wakaombana radhi. Nyimbo ziliimbwa kisimani, jikoni, hata kwenye foleni ya chumvi dukani. Wazee waliokuwa hawasemeshani tangu enzi za Mwingereza walionekana wakigawana ugoro. Kila asubuhi watu waliamka wakatazama angani kwanza, ndipo wakanawa uso.

Lakini kati ya wote hao, hakuna aliyefurahi kumshinda Raheli.

Raheli alikuwa mke wa Simeoni, na kijijini walimwita Mama Anastazia. Anastazia alikuwa binti yake, wa pekee, aliyekufa kwa surua kule walikotoka, akiwa ndiyo kwanza anakaribia kuanza shule. Mtoto amekwenda lakini jina limebaki kwa mama, na Raheli aliliitikia kila alipoitwa, maana hakuwa na mwingine wa kumpa jina jipya. Siku Mwinjilisti aliposoma kanisani kwamba tarumbeta italia na wafu watafufuliwa kwanza, Raheli alisikia mwili mzima unamsisimka. Si mwaka kesho. Si siku moja isiyojulikana. Ni mwezi mpya, na mwezi wa zamani ulikuwa umeshabaki kipande. Alirudi nyumbani anaimba, akasonga ugali anaimba, na Simeoni, mtu wa maneno machache, akamwambia ugali umeungua. Ulikuwa umeungua kweli, wakaula hivyo hivyo.

Akapeleka na mbegu yake. Ilikuwa kwenye kilindo, kile chombo cha magome ya mti, mtama mwekundu aliorithi kwa mama mkwe wake, na ndicho kitu pekee cha shamba la zamani alichowahi kukipandisha kwenye lori. Alikitua uani kwa Mwinjilisti katikati ya vilindo vya wenzake bila hata kugeuka nyuma. Mbegu ya nini tena?

Swali lilimjia akiwa anatwanga. Mchi ulikuwa juu, ukabaki juu. Kaburi la Anastazia lilikuwa kule, kando ya zizi. Siku lori lilipokuja walimwambia apakie vyombo na mbuzi, haraka, na kwa kuwa jiwe la kusagia lilikuwa zito mno kwa lori, alilivingirisha mpaka kaburini akaliacha hapo, mtoto asikae bila alama. Raheli aliweka mchi chini, akajifunga khanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Mwinjilisti.

"Mwinjilisti, wafu watafufukia wapi?"

"Pale walipolala, Mama Anastazia."

"Wangu amelala kule tulikotoka."

"Basi atafufukia huko huko."

"Na mimi nitakuwa huku."

"Huku, ndiyo. Kanisani, pamoja na watakatifu wote."

Raheli alimtazama. "Sasa nani atamwambia tumehama?"

Mwinjilisti akasema tarumbeta itasikika kila mahali, bondeni na mlimani.

"Kusikia sina wasiwasi, alikuwa na masikio mazuri yule. Nauliza akishasikia. Ametoka, anakung'uta vumbi, anaona tembe halina paa, zizi halina ng'ombe, mama hayupo. Ni mtoto. Ataelekea wapi?"

Mwinjilisti hakumcheka, na hilo Raheli hakulisahau. Alijikuna kichwa, akaingia ndani, akatoka na Agano Jipya lake lililochakaa, akamfungulia ukurasa uliokunjwa pembe. Akamwambia kwamba Mtume Paulo aliwaandikia watu waliofiwa, na kwa kuwa yeye Raheli sasa anajua kusoma, asome mwenyewe polepole, huenda akaona jibu ambalo yeye Mwinjilisti halioni.

Kusoma alikuwa anajua, ndiyo, lakini kwa kisomo cha watu wazima, cha jana na juzi. Alikaa kivulini nyuma ya nyumba, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Neno la kwanza tu lilimtoa jasho. Wa-the-sa-lo-ni-ke. Dorika alikuwa anapita na mtoto wake mgongoni, akasimama.

"Hao ni kabila la wapi?"

"Sijui. Wa zamani."

"Wanafuga?"

"Bado sijafika kwenye mifugo," Raheli akamjibu, na kidole hakukiinua.

Siku hiyo akasoma, kesho yake akasoma. Na kumbe Wathesalonike nao walikuwa wafiwa. Walikuwa wanamngoja Bwana kwa furaha hivyo hivyo, kisha mmoja akafa, na mwingine akafa, wakaanza kuulizana, hawa waliotangulia si watakosa? Mtume akawajibu kwamba hawatakosa kitu. Wafu watatangulia kuamka, kisha sisi tulio hai tutachukuliwa pamoja nao, tukutane naye Bwana mawinguni. Raheli alirudia neno hilo, pamoja nao, pamoja nao, mpaka akalishika bila kutazama. Kumbe hakuna atakayepotea njia. Mtoto hahitaji kuijua nyumba mpya, watakutana juu kabla hajaanza kuitafuta. Alicheka peke yake pale kivulini, akalia kidogo, akacheka tena.

Angefunga kitabu hapo mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyejua kusoma ukubwani hajui kuacha. Kila ukurasa aliuona ni wake, hakuna wa kumnyang'anya. Akamaliza waraka wa kwanza, akakuta chini yake upo wa pili, kwa watu wale wale, akaingia.

Sasa hapa inabidi nirudi nyuma kidogo kwa Mwenyekiti Mughwai. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu, mfupi, mkali, asiyependa mchezo na shamba. Katikati ya wiki ile aliitisha mkutano, akaona watu wamekuja wanaimba na jembe hakuna hata moja, akapandwa na hasira. Akasema yeye dini ya mtu haiingilii, ila shamba la kijiji limesimama na mbegu haipandwi, na neno lake ni lile lile lililoandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa ofisi: asiyefanya kazi asile. Jioni ile Mwinjilisti alilijibu kanisani. Mmesikia wenyewe, akasema. Ufunuo unatuambia mnyama atawazuia watu wasinunue wala wasiuze. Na sasa kuna anayetuzuia tusile. Huo ni mdomo wa mnyama. Watu wakaguna, na tangu siku hiyo wanawake wakipita ofisini walikuwa wanaufumbia macho ule ukuta.

Basi Raheli yuko kwenye waraka wa pili, karibu na mwisho, kidole kinasogea, mdomo unatamka herufi kwa herufi, na maneno yanayomtoka ni yale yale ya ukutani. Asiyetaka kufanya kazi, asile.

Wazo lake la kwanza lilikuwa hili: Mughwai ameingiaje humu?

Aligeuza kitabu akakitazama mgongo. Akarudi kwenye mstari, akausoma tena, haukubadilika. Ndipo akarudi nyuma kurasa zote za waraka ule, sasa kwa kiu. Akakuta kwamba kuna mtu aliwaambia Wathesalonike kuwa siku ya Bwana imeshafika, na hata barua ilipita ikidaiwa kuwa ya Mtume. Wakafadhaika, wengine wakaacha kazi, wakawa wanazunguka nyumba za watu tu. Mtume anawaandikia tulieni. Msidanganyike. Fanyeni kazi zenu kwa utulivu, mle chakula chenu wenyewe. Raheli alisikia kama anasomewa habari za majirani zake. Kuku wa Dorika tu ndio hawakutajwa.

Alitaka kukimbia kumwambia mtu. Akainuka, akakaa tena.

Maana alikuwa ameona mwisho wa jambo lenyewe. Kama hili ni kweli, basi hesabu za Mwinjilisti ni za Mwinjilisti tu. Mbegu zisipikwe, zipandwe, watoto wa kijiji wasije wakafa njaa. Lakini kama hili ni kweli, basi na Jumapili ya mwezi mpya ni Jumapili tu, na Anastazia haji. Raheli ndiye aliyeitaka siku ile kuliko watu wote, na kitabu kimemchagua yeye ndiye aione aya hii. Hakuna mwingine aliyekuwa akisoma. Angeweza kukunja ukurasa na kubaki na furaha yake mpaka Jumapili. Nani angejua?

Alimsikia mtoto wa Dorika akilia nyumba ya pili, kilio cha mtoto mwenye afya na njaa ya mchana, kisha akasikia amepewa kitu akanyamaza. Raheli alikaa na kitabu mapajani hadi Simeoni aliporudi akamkuta hajawasha hata moto. Akamweleza yote, kuanzia Wathesalonike mpaka kilio cha mtoto wa Dorika. Simeoni akainama kuwasha moto. "Kama hawatakula," akasema, "tutazika tena."

Jumamosi asubuhi uani kwa Mwinjilisti kulikuwa na vinu vimepangwa na wanawake wameshakunja mikono. Vilindo viwili vilikuwa vimefunguliwa, kimojawapo cha Raheli, na mtama mwekundu ulikuwa umeanza kumiminwa kinuni. Alipouona alisikia uchungu mkali. Lakini hakupiga kelele. Alikwenda pale Mwinjilisti alipokuwa akipanga kuni, akapiga goti kidogo kwa heshima, akafungua kitabu.

"Mwinjilisti, hawa Wathesalonike, Bwana aliwajia?"

"Bado, Mama Anastazia. Anakuja."

"Mtume anasema, sisi tulio hai. Alidhani atakuwapo siku hiyo?"

Mwinjilisti aliacha kuni. Maswali ya namna hii yalikuwa yanampa raha, hata akiwa na haraka. "Ndivyo alivyoandika. Wengi wametafuta maana yake."

"Yuko hai?"

"Hapana. Inasemekana walimkata kichwa kule Rumi."

"Kwa hiyo alingoja mpaka akafa."

"Alingoja, ndiyo."

"Na alipokuwa anangoja, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

"Alikuwa anashona mahema, ndiyo iliyokuwa kazi yake," Mwinjilisti akajibu haraka, kama mwanafunzi anayejua.

"Nisomee hapa," Raheli akasema. "Mimi bado nakwama."

Akampa. Na kwa kuwa mtu yule hakuwa na sauti ya chini hata kidogo, alisoma kwa sauti ya kanisani, na wanawake wote wakasikiliza huku wakitwanga. Akasoma habari za waliofadhaishwa. Akasoma habari za walioacha kazi. Akafika kwenye yale maneno, akayasoma kabla hajayatambua, na michi ikasimama.

"Hayo si ya Mwenyekiti?" Dorika akauliza.

Mwinjilisti aliusoma tena mstari ule, safari hii kimya. Akakaa juu ya kuni. Waraka huo aliusoma misheni, aliufanyia hata mtihani, lakini mtu akiwa na haraka ya kufika kwenye tarumbeta mengine huyapita tu. Raheli alimwona akitafuta pa kutokea. Angeweza kusema kwamba hayo waliandikiwa wale, sisi ni zama nyingine. Midomo ilikaribia kulisema. Kisha akatazama kilindo cha mtama mwekundu kilichokuwa wazi, akamtazama Raheli, akajua ni cha nani.

"Nimemwita Mtume mnyama," akasema.

Dorika alianza kucheka, akajaribu kujizuia kwa ncha ya khanga, ikashindikana. Akaangua kicheko mwingine, na mwingine, na mwisho Mwinjilisti mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho, ingawa sidhani yote yalikuwa ya kucheka. Alipotulia alimwambia Raheli, "Na wewe ndiye uliyemtaka Bwana aje kuliko sisi sote."

"Bado namtaka," Raheli akajibu. "Sijaacha."

Mwinjilisti akasimama. Sasa mjue mtu wa kuwaka ni wa kuwaka, huwezi kumpoza. Saa ile ile alikuwa amewasha moto mwingine. Akawaambia kila mtu atambue kilindo chake. Akawaambia mvua ikichelewa watapanda kavu, kama walivyopanda baba zao, mbegu iingoje mvua chini ya udongo, na kwamba kungoja kwenyewe ndiko huko. Alipenda sana maneno hayo ya mwisho, akayarudia. Akachukua jembe la jirani akaenda nalo ofisini, watu wote nyuma yake wanaimba zile zile nyimbo za kurudi kwa Bwana, na mbele ya ukuta wa chokaa akamwomba Mwenyekiti Mughwai radhi mbele ya watu.

"Neno lako ni la Mtume Paulo," akamwambia.

Mughwai aliugeukia ukuta wake kwa mashaka. "Mimi nilidhani ni la chama," akasema.

Wakati wengine wanagawana mistari ya shamba la kijiji, Raheli alibaki nyuma na kilindo chake, kilichopungua mbegu za kinuni.

"Mwenyekiti, naomba kupanda hii kule tulikotoka."

"Kule ni mahame. Agizo unalijua, hakuna kurudi."

"Sikuomba kurudi. Naomba kulima."

"Mashamba yapo hapa. Kule kuna nini?"

Akamwambia kuna nini. Mughwai aliondoa kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha kichwani. Akasema kwa ukali wake wa kawaida kwamba mtu anayetaka kufanya kazi yeye hana sheria ya kumzuia, ila jua likizama awe amerudi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mwezi mpya. Raheli hakungoja ibada. Aliondoka na baridi ya asubuhi, jembe begani, kilindo kichwani, Simeoni nyuma yake na kibuyu cha maji. Njiani alitazama angani mara nyingi, msimcheke. Walikuta tembe limebaki kuta, zizi limeota mbigili, na jiwe la kusagia liko palepale. Udongo wa zizini ulikuwa mweusi kwa samadi ya miaka. Wakalima kuanzia jiweni kwenda nje, yeye anachimba, Simeoni anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu, na kazi ilikuwa tamu hata wakasahau kula.

Jua lilipoanza kuinama Simeoni alisema waondoke. Raheli alimwambia atangulie kidogo. Akapiga magoti, akapangusa vumbi juu ya jiwe kwa kiganja, akainama karibu ili asikike vizuri.

"Anastazia. Tumehama, mama. Siku ukiamka, kama ni msimu wa kulima utanikuta hapa hapa. Usiponikuta, shuka na njia ya ng'ombe mpaka uone nyumba za mstari. Milango inafanana, usiogope. Muulize yeyote nyumba ya Mama Anastazia, atakuonyesha."